Kosa Alilobebeshwa Bibi Hojar

Kila alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya kuta za mtaa wa wafumaji mjini Margilan, Sanobar alikuwa ameshanyunyiza maji uani na kuanza kufagia. Nyumba yenye binti halafu ua wake mchafu husemwa mtaa mzima, na Sanobar, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, hakutaka kusemwa. Alifagia mbiombio, ufagio ukikwaruza matofali, huku akinusa harufu ya mkate uliokuwa ukipashwa moto jikoni. Aliyekuwa jikoni ni bibi yake mzaa baba, Bibi Hojar.

"Pembeni nako fagia, mvivu wewe!" Bibi alipaza sauti dirishani. "Au unataka mchumba aje aone majani?"

"Sina mchumba, Bibi!"

"Ndiyo maana nakuambia ufagie."

Wote wawili wakacheka. Baba, Mzee Tolib, aliyekuwa seremala wa milango, akatoka akiwa amevaa kofia yake nyeusi ya nakshi. Wakakaa kwenye jukwaa la mbao chini ya mzabibu, Bibi akamimina chai ya kijani na kumega mkate. Mama ndiye aliyekuja mwisho. Alikuja akiburuta miguu, uso umevimba, akakaa.

Mama yake Sanobar, Mavluda, alikuwa mfumaji hodari katika karakana ya hariri. Zamani ndiye aliyeamka wa kwanza. Lakini majira ya kuchipua ya mwaka ule, kaka yake Sanobar, Dilmurod, aliyekwenda Urusi kufanya kazi ya ujenzi, hakupatikana kwenye simu kwa siku arobaini. Mama hakulala. Alikaa na simu mapajani usiku kucha, akawa mtu wa kuanguka anguka. Baba akampeleka kliniki, na daktari akamwandikia vidonge vya usingizi vya wiki mbili.

Baadaye Dilmurod akapatikana. Alikuwa amevunjika mguu, amelazwa hospitali, na simu yake imepotea. Sasa alipiga kila Ijumaa, akicheka kama kawaida yake. Nyumba nzima ilishukuru. Lakini zile wiki mbili zilikwisha, ukaja mwezi, ikaja miezi minne, na Mama alikuwa bado anameza vidonge. Kilianza kimoja, vikawa viwili. Kimoja alikimeza wakati wa kulala, na kingine alipozinduka karibu na alfajiri.

Aliyejua hayo ni Sanobar peke yake, kwa sababu ndiye aliyetumwa.

Asubuhi hiyo, Mama alimfuata mlangoni akamtilia karatasi iliyokunjwa kwenye kitabu cha jiografia. "Ukitoka shule pitia dukani kwa Mama Shoira. Baba yako asijue, mwanangu. Atanipigia kelele bure. Mimi na wewe tunaelewana, siyo?"

"Ndiyo, Mama," Sanobar akajibu, na moyo wake ukajaa fahari. Mama hakuwa na siri na mtu mwingine yeyote ila yeye.

Mama Shoira, mwenye duka la dawa, aliitazama ile karatasi iliyochakaa, akavua miwani. "Hii ni ya zamani, binti. Mama yako amerudi kwa daktari?"

Sanobar hakusita. "Amerudi. Daktari kasema aendelee tu."

Mama Shoira alikuwa na wateja watano wanamsubiri. Akamkabidhi pakiti.

* * *

Vituko vilianza msimu wa kukausha zabibu. Siku moja mtungi wa jamu ya aprikoti ulikutwa umejazwa chumvi. Siku nyingine unga wote wa mkate ulikuwa umekandwa na kuachwa juu ya meza, umeumuka mpaka umemwagika sakafuni. Mara viatu vya Baba vikakutwa ndani ya tanuri la mkate, bahati nzuri tanuri lilikuwa baridi.

"Nani kafanya hivi?" Baba aliuliza.

Mama akatikisa kichwa. Sanobar naye akatikisa kichwa. Ndipo macho ya Baba yakamgeukia Bibi Hojar, ambaye mwaka huo alikuwa ametimiza miaka sabini na minne.

"Usinitazame hivyo, Tolib," Bibi akasema kwa ukali. "Mimi nilianza kutia chumvi kwenye chungu wewe hujazaliwa. Najua chumvi, najua sukari."

"Hakuna anayekulaumu, Mama. Umri tu."

"Umri gani? Umri hauvui mtu viatu ukavipika!"

Baba akacheka, Mama akatabasamu kidogo, na Sanobar akacheka pia. Lakini habari hazikukaa ndani ya kuta. Kesho yake shuleni, Feruza, mtoto wa jirani, alimsubiri langoni pamoja na wenzake.

"Sanobar! Eti bibi yenu anapika viatu? Vya ngozi vinaiva kwa saa ngapi?"

Wasichana wakaangua kicheko. Sanobar alihisi masikio yanawaka moto. Angeweza kumtetea bibi yake. Badala yake akasema, "Anavitia na karoti, kama pilau," ili na yeye awe upande wa wanaocheka. Wote wakacheka zaidi, na yeye akacheka kuliko wote.

Nyumbani Mama naye alikuwa anabadilika. Kikombe kikivunjika, alilia kama amefiwa. Alidai wafumaji wenzake wanamteta, kwamba akiingia karakanani wananyamaza. Alisahau siku ya kuzaliwa ya Sanobar, na alipokumbushwa akakasirika. Alasiri nyingine alikaa tu kwenye jukwaa, mikono mapajani, akiutazama ukuta. Sanobar alipomuuliza ana nini, alijibu, "Sijui, mwanangu. Kama nimefunikwa blanketi zito, na sina nguvu ya kulitoa."

Baba alifikiri ni uchovu. Sanobar hakufikiri kitu. Alikwenda dukani, akarudi na pakiti.

* * *

Bibi Hojar alikuwa na sanduku la mbao lililokaa kwenye chumba cha wageni. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cha hariri cha rangi saba, alichokifuma kwa mikono yake mwenyewe wakati vidole vyake bado vina wepesi. Alikihifadhi kwa ajili ya mke atakayeolewa na Dilmurod. Mara moja kwa mwaka alikitoa, akakipiga hewa, akakikunja tena.

Alfajiri moja ya Oktoba, Sanobar alikuwa anachota maji ya kunyunyiza uani aliposikia sauti ya mkasi kutoka chumba cha wageni. Akasukuma mlango.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, peku, nywele hazijasukwa. Sanduku lilikuwa wazi. Hariri ya Bibi ilikuwa mapajani mwake, na mkasi mkubwa ulikuwa unapita katikati ya zile rangi bila haraka. Vipande virefu vilikuwa vimepangwa sakafuni.

"Mama! Unafanya nini?"

Mama akainua uso. Macho yake yalikuwa wazi, lakini yalimpita Sanobar kama hayupo. "Bandeji," akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Mguu wa Dilmurod unatoka damu. Usipige kelele, utamwamsha."

Mama akaweka mkasi chini, akasimama, akarudi chumbani kwake akajilaza. Alipochungulia, Sanobar alimkuta akikoroma taratibu.

Saa moja baadaye nyumba nzima ilikuwa imesimama kuzunguka vile vipande. Mama mwenyewe alishika mdomo kwa mshtuko. Mshtuko ule haukuwa wa kuigiza. Hakukumbuka lolote.

"Hariri ya mwanangu!" akalia. "Nani anaweza kufanya unyama huu?"

Baba hakucheka safari hii. Akamgeukia Bibi taratibu. "Mama."

Bibi Hojar alikuwa amepiga magoti, ameokota kipande kimoja. Sanobar alimsubiri afoke, aseme maneno yake makali. Lakini Bibi alinyanyua mikono yake miwili, akaitazama nyuma na mbele, kama mikono ya mtu mwingine.

"Mimi?" akasema. "Nilikuwa naswali. Nadhani nilikuwa naswali." Kisha akaificha mikono mapajani. "Labda ni mimi, Tolib. Labda kichwa changu kimeondoka na mimi sijui."

Sanobar akafungua mdomo. Akamtazama Mama aliyekuwa akilia, akakumbuka, *mimi na wewe tunaelewana*. Akafunga mdomo.

Jioni Baba akaamua. Bibi aende mji wa Kokand, kwa binti yake, Shangazi Rahbar, ambaye hakuwa na kazi nje ya nyumba na angeweza kumwangalia kutwa. Usiku ulikuwa haujaingia Bibi alipomwita Sanobar chumbani, akiwa anafunga nguo zake kwenye kitambaa.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye unayeamka mapema. Niambie ukweli, sitakasirika. Uliniona nikikata?"

Lilikuwa swali jepesi. Neno moja tu lingetosha.

"Sikuona mtu, Bibi."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga fundo. "Basi," akasema. "Basi."

* * *

Wiki tatu zikapita. Jikoni hakukuwa na mtu wa kumtania Sanobar dirishani. Alifagia, akachemsha chai mwenyewe, ikawa chungu au ikawa maji matupu. Kila siku alijiambia kwamba kesho atasema, na kesho yake ilipofika, akajipa kesho nyingine.

Asubuhi ya Ijumaa moja Baba alirudi kutoka kuswali msikitini. Alipofungua lango akasimama, akanusa, kisha akakimbia. Sanobar alisikia madirisha yanafunguliwa kwa kishindo. Alipofika jikoni, Baba alikuwa amefunga gesi na anamtoa Mama nje kwa kumkokota mabegani. Jiko lilikuwa limefunguliwa bila kuwashwa. Juu yake kulikuwa na birika tupu, na Mama alikuwa amekaa mbele yake na bakuli la chai mkononi, akisubiri.

"Mavluda! Mavluda!" Baba alimtikisa. "Kiberiti kingewashwa humu, tungekuwa majivu sote!"

Mama alipepesa macho. "Nipo wapi?" akauliza.

Baba alisimama pale uani, anahema. Kisha akasema polepole, kama mtu anayehesabu hatua, "Mama yupo Kokand. Mama yangu yupo Kokand. Basi nani kafungua gesi?"

Sanobar akaanza kulia. Maneno yakamtoka yote kwa mara moja: karatasi kwenye kitabu cha jiografia, duka la Mama Shoira, uongo kwamba daktari kasema aendelee, vidonge viwili, mkasi, bandeji za mguu wa Dilmurod. "Na Bibi aliniuliza, Baba. Aliniuliza nikamwambia sikuona mtu."

Baba hakumpiga wala hakumkaripia, na hilo lilimwumiza Sanobar zaidi. Alikaa tu kwenye ukingo wa jukwaa, akashika kichwa.

"Nilimfukuza mama yangu," akasema.

Mama, ambaye sasa alikuwa macho kabisa, alikuwa amesikia kila kitu. "Ni mimi niliyeikata?" akanong'ona. "Sikumbuki, Tolib. Wallahi sikumbuki."

Kwa hasira Baba alichukua pakiti chumbani akazitupa zote kwenye mfereji unaopita mbele ya lango. Kisha akampeleka Mama kliniki asubuhi ileile, na Sanobar akaenda nao.

Daktari Gulchehra, mwanamke mfupi mwenye mvi, aliwasikiliza mpaka mwisho. Baba aliposema ametupa vidonge vyote mferejini, daktari aligonga meza.

"Umefanya nini, Mzee Tolib? Mtu aliyemeza vidonge hivi miezi sita hakatizwi kwa siku moja! Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege. Na dawa hazitupwi kwenye maji ya watu. Tutapunguza kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, na mimi nitamwona kila Jumatatu."

Kisha akamgeukia Mama, sauti yake ikalainika. "Dada yangu, wewe si mwovu wala si mwendawazimu. Dawa hii inamsaidia mtu kwa siku chache. Ukiimeza muda mrefu, tena ukiongeza mwenyewe, inaanza kuivuruga akili. Mwili unaamka, akili inabaki imelala. Mtu anapika, anatembea, anakata nguo, na asubuhi hakumbuki. Na mchana inamwachia huzuni, hasira, usahaulifu na kudhani watu wanamsema. Lile blanketi zito unalolisema, kwa sehemu kubwa, limetoka ndani ya pakiti."

"Lakini bila vidonge sitalala," Mama akasema huku analia. "Namwona mwanangu barabarani, amelala kwenye theluji."

"Hilo ndilo lililotakiwa kutibiwa tangu mwanzo. Ile hofu. Yupo mtaalamu hapa anayezungumza na watu juu ya hofu zao. Utakwenda kwake, na hakuna aibu yoyote."

* * *

Jumapili Baba na Sanobar wakaenda Kokand.

Shangazi Rahbar aliwafungulia lango akiwa ameweka kidole mdomoni. "Ameharibika, kaka," akasema kwa sauti ya chini. "Hafanyi kitu chochote. Nikimwambia amimine chai, anasema nimimine mwenyewe, ataimwaga. Kutwa anakaa hivyo."

Bibi Hojar alikuwa amekaa dirishani. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, kiganja juu ya kiganja, kama mtu aliyekatazwa kugusa vitu vya dukani. Sanobar alipoona ile mikono, maneno yote aliyojiandalia njiani yakamkimbia.

"Bibi," akasema, akapiga magoti. "Hukukata wewe. Sikusema kweli. Nilimwona Mama akikata, ni vidonge vya usingizi, hakujua anafanya nini. Chumvi pia si wewe, wala viatu. Nilimwona, Bibi, na uliponiuliza nikakuficha."

Bibi alimtazama Baba, Baba akainamisha kichwa.

"Wiki tatu," Bibi akasema. "Wiki tatu nimejilinda mwenyewe kama mtu anavyomlinda mwizi. Nikienda kulala, naufunga mlango kwa kamba, nisije nikatoka. Nimeogopa kumshika mtoto wa Rahbar, nisije nikamwangusha." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Wewe mtoto, ulijua, ukaniacha niogope peke yangu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Wewe ni damu yangu, nitafanyaje?" akasema. Lakini hakumkumbatia siku hiyo, na Sanobar hakuthubutu kumwomba.

Baba alibusu mkono wa mama yake. Wakarudi wote watatu Margilan.

* * *

Wiki za kupunguza vidonge hazikuwa nyepesi. Mama alitetemeka, alitokwa jasho, kuna siku alimfokea kila mtu kisha akajifungia chumbani kulia. Pakiti mpya aliyoandika daktari ilikaa kwa Baba, naye alimpa kipande alichoelekeza daktari, hakuzidisha wala hakupunguza. Mama Shoira alikuja mwenyewe na sahani ya sambusa za maboga. Aliomba radhi kwamba alitoa dawa kwa karatasi kuukuu na kwa neno la mtoto, akasema hatafanya hivyo tena maishani mwake.

Kufikia theluji ya kwanza, Mama alikuwa analala saa tano au sita bila kidonge. Alirudi karakanani. Alicheka mara moja mezani, na wote wakanyamaza kumsikiliza, kwa kuwa walikuwa wamekisahau kicheko kile. Shuleni Feruza alipoanza tena habari za viatu, Sanobar alimjibu mbele ya wote, "Bibi yangu hakupika kiatu chochote. Mimi ndiye niliyemsingizia kwa kunyamaza. Kama unataka kumcheka mtu, nicheke mimi."

Lakini si kila kitu kilirudi. Hariri ya rangi saba haikushoneka tena. Na Bibi Hojar, kila alipomimina chai, alisita kidogo, akauliza, "Onjeni kwanza. Nimeweka sawa?"

Siku moja baada ya kula, Sanobar alishindwa kuvumilia. "Bibi, chai yako ni tamu kama zamani. Kwa nini unauliza kila siku? Hujanisamehe?"

"Nilikusamehe kulekule Kokand," Bibi akajibu. "Ninachongoja sasa ni kujiamini mwenyewe. Mtu akishaambiwa na nyumba nzima kwamba akili yake imeondoka, imani hiyo hairudi siku ileile anapoambiwa kweli."

Sanobar akainamia meza. Mama akasogea, akamshika mkono.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kosa la kwanza ni langu. Dawa ya daktari niliifanya kuwa yangu, nikaongeza nilivyotaka, halafu nikamfundisha mtoto kuficha. Nikakwambia tunaelewana, kumbe nilikuwa nakubebesha mzigo wa mtu mzima. Mtu mzima yeyote akikutuma dawa na kukwambia usiseme, hata akiwa mimi, nenda kaseme siku hiyohiyo. Utamwokoa yeye, na utamwokoa mwingine ambaye angebeba kosa lisilo lake. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Kulala kukikushinda, hofu ikikuzidi, kuna watu wa kuwaambia. Vidonge humezwa kwa kipimo cha daktari na kwa muda wa daktari, basi. Mimi nimejifunza hilo kwa gharama ya bibi yako huyu." Akamtazama Bibi, macho yakamlenga machozi. "Na gharama hiyo siwezi kumrudishia yote."

Bibi Hojar alinyanyua buli, akammiminia mkwewe chai, kisha akammiminia Sanobar. Safari hii Sanobar hakungoja aulizwe. Alionja, akasema, "Umeweka sawa, Bibi," na akaapa moyoni kwamba atalisema neno hilo kila siku, kwa muda wowote utakaohitajika.